Plagini Niliyoiandika kwa Hasira

Neno lile nililiandika mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, mchana kweupe, tumbo limeshiba na akili timamu. Hakuna aliyenituma. Nalisema mapema maana nawajua watu: ukianza kusimulia habari za kompyuta, wanaamini kosa lilikuwa la kompyuta. Halikuwa la kompyuta.

Mie ni mtu wa kompyuta wa kampuni yenye maabara ndogo ndogo za kupima damu. Ofisi kuu iko Temeke, ghorofa ya kwanza. Vituo vimetawanyika: Mbagala, Keko, Wazo, na vingine ambavyo havina haja ya kutajwa. Kila kituo kina kompyuta moja pale mapokezi. Mgonjwa akija, jina lake linaingizwa humo, na majibu yake yakitoka yanachapwa kutoka humo humo. Kompyuta ikilala, kituo kimelala, na wagonjwa wako kwenye benchi wanakutazama usoni.

Na mtu wa kompyuta niko peke yangu. Kwa miaka niliishi kwa simu. "Dada, printa haitoi." "Dada, imeandika maneno ya Kizungu mekundu." Nikifika Wazo, Mbagala wananiita. Nikifika Mbagala, Wazo wamekwama tena. Ndipo nikaweka mfumo wa kusimamia mashine zote kutoka sehemu moja. Naandika mara moja kwamba kila mashine iwe na programu hii na printa ile, halafu mfumo wenyewe unazipitia moja baada ya nyingine na kuzinyoosha. Kabla ya kuinyoosha mashine, unaihoji kwanza: jina lako nani, diski yako imebakiwa na nafasi kiasi gani, umewashwa tangu lini. Mashine inajibu, mfumo unaamua.

Sasa, aliyetengeneza mfumo ule, popote alipo, hajawahi kukanyaga Wazo. Hajui kwamba pale vumbi la saruji la kiwanda jirani linaingia hadi kwenye chai. Haulizi kama feni ya mashine bado inazunguka, kwa sababu kwake feni inazunguka tu. Swali kama hilo unaliongeza mwenyewe. Unaandika kipande kidogo cha programu, mistari kumi au ishirini, unakituma kwenye kila mashine, na kuanzia hapo mashine zinakuwa na jambo moja zaidi la kujieleza. Hiyo ndiyo plagini. Haina uchawi.

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyopenda kitu kingine chochote ofisini. Nilijiwekea sheria: plagini moja, swali moja, jibu neno moja. Feni: inazunguka, imekwama. Karatasi: ipo, imeisha. Sikutaka hadithi. Hadithi nilikuwa nazipata za kutosha kwenye simu. Nilikaa mezani kwangu, miguu nimeiegemeza kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, nasoma majibu ya neno moja moja kutoka mji mzima. Raha yake usiniulize.

Halafu ikaja siku ya Mbagala. Nilikuwa natuma programu mpya ya majibu, kazi ya wiki tatu, na mashine ya Mbagala ikakata katikati. Napiga simu, kijana wa mapokezi ananiambia kwa sauti tamu kabisa, "Aa, sista, nilichomoa nichaji simu kidogo." Nichaji simu! Programu nusu imeingia, nusu haimo, mashine haiwaki wala haizimi vizuri. Nikaifuata Mbagala, nikashinda nayo mchana kutwa kwa njaa, nikarudi ofisini nimefura.

Nikakaa chini nikaandika plagini. Swali lake: mashine hii ilizimika vipi mara ya mwisho? Nilijua pa kuangalia. Mashine ikizimwa kwa utaratibu, kwa kubofya pale panapohusika, inaacha maandishi kwenye kumbukumbu zake kwamba mtu kaniambia nizime. Umeme ukikatika ghafla, haiwahi kuandika kitu. Nikaipa plagini majibu matatu. Hakuna maandishi: "umeme". Kuna maandishi na ni baada ya saa za kazi: "kawaida". Kuna maandishi na ni saa za kazi: hapo nikasita kidogo, nikakumbuka ile sauti tamu, nikaandika "uzembe".

Ningeweza kuandika "imezimwa na mtu". Lakini sheria yangu ilikuwa neno moja, na nilikuwa na hasira.

Wenye akili mmeshaona. Mie iliniponyoka. Anayechomoa waya ukutani, kama yule kijana, mashine yake haiwahi kuandika kitu, kwa hiyo plagini inamtetea: umeme. Anayezima kwa adabu, hatua kwa hatua, kama nilivyowafundisha mwenyewe, huyo ndiye anayeandikiwa uzembe. Plagini niliyoiandika kwa ajili ya Mbagala haikuigusa Mbagala hata siku moja. Iliwapata wale tu walionisikiliza.

Ikampata mama wa Keko.

Mama huyu alikuwa mapokezi pale kabla hata mie sijaajiriwa. Mtu wa Masasi, mtu mzima, nikimwamkia shikamoo ananiitikia "Marahaba, mwanangu" kama vile ananijua tangu tumboni. Alijifunza kompyuta ukubwani, kwa kidole kimoja, na kila hatua niliyomfundisha aliifuata kama ilivyo. Basi katika mwezi wa kwanza wa plagini yangu vituo vingine vilionyesha umeme, kawaida, umeme, kawaida. Keko: uzembe, uzembe, uzembe. Siku nyingine mara tatu kwa siku.

Ningepiga simu. Simu ilikuwa mkononi. Badala yake nikaichapa ripoti nikaingia nayo kwenye kikao cha Jumatatu, nimevimba kichwa, nataka bosi aone mfumo wangu unavyofanya kazi.

Bosi wetu ni mzee wa Kihindi, kazaliwa na kukulia hapa hapa, Kiswahili chake kinaninyoosha mie niliyezaliwa nacho. Si mkali, ila hapendi kitu kimoja: mgonjwa kukalishwa bure. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye karatasi, kikasimama Keko.

"Hii nini, binti?"

"Ni mashine kuzimwa saa za kazi, bosi."

"Na wagonjwa wakiwa wamekaa?"

"Inavyoonekana."

Mama wa Keko akaitwa. Alikuja kesho yake na gauni lake la kitenge, akakaa kwenye ncha ya kiti. Bosi hakumwonyesha karatasi. Alimuuliza tu, kwa upole, kwa nini anazimazima mashine.

"Bosi, ni kwa sababu ya randa," akasema. "Fundi jirani akiwasha ile mashine yake ya kurandia mbao, umeme unayumba. Inabidi nizime kwanza."

Bosi akanigeukia. Mie nilikuwa sijakanyaga Keko zaidi ya mwaka. Si nilikuwa na mfumo? Na moyoni nilishaona ni yale yale, hadithi.

"Umeme ukiyumba mashine ikazimika, plagini inaandika umeme, bosi," nikasema. "Hapa haikuandika umeme. Imezimwa na mtu. Mfumo haudanganyi."

Jamani, nikikumbuka nilivyoitamka ile sentensi, natamani ardhi inimeze. Mama akaniangalia. Nilidhani atabisha. Akasema tu, "Sawa, mwanangu."

Akasimamishwa kazi hadi uamuzi utakapotolewa. Kila mtu ofisini alijua uamuzi huo maana yake nini, maana bosi alishaanza kuuliza ni nani anaweza kukaa Keko moja kwa moja. Akapelekwa binti mmoja kutoka kituo kingine, na mie mwenyewe nikampigia simu kumpa maelekezo: "Saa za kazi usizime mashine hata iweje. Mfumo unaona."

Wiki iliyofuata Keko ilikuja safi. Jumatatu: kawaida. Jumanne: kawaida. Jumatano: kawaida. Nikamwonyesha bosi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikajiona nimemaliza kazi. Alhamisi asubuhi Keko haikujibu kitu. Hata neno moja. Nikapiga simu, yule binti analia.

Nilifika kabla ya saa sita. Harufu niliikuta mlangoni, ile ya plastiki iliyoungua. Kwenye benchi watu saba, mmoja na mtoto mgongoni, wamesubiri majibu tangu asubuhi. Nikafungua mashine: sehemu inayopokea umeme imeungua hadi imebadilika rangi, na imeondoka na diski. Binti amejikunja kwenye kona. "Dada, uliniambia nisizime. Fundi alikuja kuniambia, nikamjibu siruhusiwi."

Nikatoka nje. Ukuta kwa ukuta na kituo chetu pana karakana ya vitanda na makabati, kama zilivyo pande zile zote za Keko. Katikati imesimama mashine ya kurandia mbao, kubwa, chuma kitupu. Fundi mwenyewe alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Yule mama yenu yuko wapi?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo. "Yule tulielewana. Hapa luku, hii mita ya umeme, ni moja, dada, sie na nyie. Nikiwasha hili dubwana umeme unashuka, nikizima unapanda kwa kishindo. Mlipoletaga ile kompyuta ya kwanza iliungua, mama akalia sana. Tangu hapo tukakubaliana: nikitaka kuwasha nagonga ukuta mara tatu, yeye anazima, akimaliza ananigongea mara mbili. Nikimaliza mbao zangu namwambia, anawasha. Dakika kumi, kumi na tano tu. Na mbao zangu napanga asubuhi mapema kadiri ninavyoweza, ili wagonjwa wasikae. Huyu mpya nimegonga mpaka nimechoka."

Kompyuta ya kwanza kuungua nilikuwa naijua. Niliandika kwenye faili "hitilafu ya umeme" nikapeleka nyingine. Sikuuliza umeme gani.

Nikarudi ndani kutafuta nyaraka za mashine kwenye droo ya mapokezi. Chini ya vitabu vya risiti za vipimo nikakuta daftari la shule, lile la kurasa hamsini na sita, limefunikwa gazeti. Nikalifungua nikidhani ni orodha ya wagonjwa. Ulikuwa mwandiko wa mama, herufi za mviringo, kila herufi imekaa peke yake.

"Saa tatu na robo. Fundi kagonga. Nimezima. Wagonjwa wawili nimewaeleza. Saa tatu na nusu nimewasha."

"Saa nane. Fundi kagonga. Nilikuwa nachapa majibu ya mtoto, nimemwomba asubiri, kasubiri. Nimezima."

Kurasa kwa kurasa. Miezi. Saa, sababu, idadi ya wagonjwa waliokuwepo, saa ya kuwasha. Nilikuwa nimekaa Temeke, miguu juu ya boksi la betri, nabuni namna ya kujua mashine ya Keko imezimwa kwa nini, na kumbe jibu lilikuwa linaandikwa kila siku kwa kalamu ya bluu. Nilihisi aibu. Halafu nikafungua ukurasa mwingine nikajikuta mwenyewe.

"Nimempigia binti wa kompyuta kuhusu UPS. Betri yake imekufa. Kasema nijaze fomu."

"Nimejaza fomu."

"Nimempigia binti wa kompyuta. Kasema fomu hajaiona, nijaze nyingine. Nimejaza."

"Nimempigia binti wa kompyuta. Kasema yuko bize. Sauti yake amechoka. Sitampigia tena wiki hii."

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa saba na yule binti, ambaye naye alikuwa analia. Kwa sababu nilikikumbuka kile kikao. Alikuwa na maneno hayo yote mdomoni. Angemwambia bosi, "Huyu hapa ndiye niliyempigia mara tatu," na mie ningekwisha. Hakusema. Alisema, "Sawa, mwanangu."

Jioni ile nikaliweka daftari mezani kwa bosi nikamweleza kila kitu, pamoja na yale yaliyonihusu. Alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, hakuruka. Alipofika kwenye fomu akanitazama juu ya miwani.

"Hili neno kwenye karatasi yako, uzembe. Mashine imelitoa wapi?"

"Nimeliandika mie, bosi."

"Mashine haikulijua?"

"Mashine ilijua tu kwamba imezimwa. La uzembe ni langu."

Akalifunga daftari. "Basi nenda kwake mwenyewe. Mimi nitampigia kumwambia arudi, lakini wewe nenda."

Nikamkuta kwake Mbagala, nyuma ya soko, amekaa mkekani anachambua choroko. Nikamwamkia, akaniitikia vile vile, akanipisha nafasi na kuniletea maji. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima, ya luku na randa na kumbukumbu za mashine, lakini nikaishia kusema nimekosa, mama, nisamehe.

Akachambua kidogo. "Kwenye ile karatasi paliandikwaje? Bosi hakunisomea."

Nilitamani kumdanganya, wallahi. "Paliandikwa uzembe, mama."

Mikono yake ikasimama. "Uzembe," akasema. "Mwanangu, mie nilizika mume Alhamisi, Jumatatu nikafungua kituo."

Akarudia choroko zake, akaniuliza kama mashine mpya itakuwa na zile herufi kubwa kama ya zamani, maana macho yake siku hizi yanasumbua. Ndivyo nilivyojua atarudi.

Plagini niliiandika upya. Sheria ya neno moja nimeitupa. Siku hizi anayezima mashine saa za kazi anafunguliwa kidirisha kidogo kinachouliza "Sababu?", na nafasi ya kujibia haina kikomo. Anachoandika ndicho kinachokuja kwenye ripoti, herufi kwa herufi, na mie siruhusiwi kukigusa. Na mashine inayokufa bila kuandika kitu haiitwi tena "umeme". Inaitwa "haijulikani, nenda ukaangalie". Kijana wa Mbagala kaniona mara nne mwezi ule.

UPS bosi aliidhinisha siku ile ile. Kilichofuata ni yale ya kawaida: aliyeagizwa aliagiza kwa mwingine, mwingine akasema zinakuja, ziko njiani, ziko bandarini, kesho. Nilikasirika, nikapiga simu, nikajaza fomu. Ndiyo, fomu. Mama akarudi kazini zikiwa bado.

Jumatatu ya kwanza tukakaa kikaoni, ripoti mezani. Bosi akataka asomewe Keko. Nikasoma kwa sauti, watu wote wanasikiliza.

"Saa tatu na dakika ishirini. Fundi kagonga. Nimezima. Wagonjwa watatu nimewaeleza. UPS bado."

Nikageuza ukurasa.

"Saa tano. Fundi kagonga. Nimezima. Mgonjwa mmoja. UPS bado."

"Saa nane na nusu. Fundi kagonga. Nimezima. UPS bado, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Bosi alikuwa anatazama meza. Nikainuka, nikaenda mezani kwangu, nikainama nikachomoa lile boksi nililokuwa naegemezea miguu miaka yote ile. Zito sana. Nikalibeba kifuani hadi chini, nikatafuta bajaji, nikaenda nalo Keko.

Zile zilizoagizwa hazijafika mpaka leo. Umeme ukikatika Temeke, mashine inayozimika ni yangu.